NAMNA YA KUTENGENEZA PIKIPIKI IFAE MTU MFUPI



Katika namba hii nataka tuzungumze juu ya jambo moja ambalo wengi wanalichukua kama mchezo. Ni juu ya pikipiki na watu wafupi. Najua wamoja watacheka. Lakini tufikiri kidogo. Nchi yetu iko na zone za afya zaidi ya 500, na nyingi ziko na vituo ambavyo motokari haifiki, sanasana wakati wa mvua. Ni pikipiki ndiyo inapeleka dawa, chanjo na mitihani ya watoto. Chanjo zinapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8, haziwezi kungojea njiani siku mbili. Sasa wakimpa muuguzi pikipiki na miguu yake haifiki chini, itakuwa nini? Kuna kituo kimoja ambako mama muuguzi aliirudisha, juu ilimwangusha mara tatu katika juma moja. Tangu siku ile akaenda kwa miguu, na kijiji cha mbali kikaachwa kwa mwisho. Watu wakasema: «Hii moto haiko ya banamuke.»

Mimi nasema neno hili haliko la kweli. Pikipiki ni chombo. Shati ikiwa ndefu tunaipeleka kwa fundi wa cherehani, hatumwambii mtu arefuke. Na dada zetu wa pedagojia, ambao mwaka ujao wengine watatumwa kufundisha mbali, wanapaswa kujua mambo haya mbele ya kukataa kazi, ao mbele ya kukataliwa.

1. PIMA KWANZA

Mara nyingi mtu anauliza: «Wewe uko na metre ngapi?» Ulizo hili haliko sawa. Watu wawili wenye urefu mmoja wanaweza kuwa na miguu tofauti. Kinachohesabika ni mguu kwa ndani. Simama karibu na ukuta na viatu vyako vya safari, weka kitabu kati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha mwenzako apime tangu kitabu mpaka chini.

Kisha upime kiti cha pikipiki, tangu chini mpaka mahali unapokaa. Pikipiki nyingi za barabara za 100 na 125 ziko karibu na sentimita 75 mpaka 80. Zile za njia mbaya zinapanda tangu 80 mpaka 90.

Lakini angalia vizuri: mguu haushuki sawa na kamba ya mwashi. Kiti kinaupanua kando. Hapa Pythagoras wa darasani anatusaidia. Tuseme mguu ni sentimita 78, na kiti kinausukuma sentimita 30 kando. 78 mara 78 ni 6084. 30 mara 30 ni 900. Ukitoa, inabaki 5184, na mzizi wake ni 72. Basi mguu wa 78 unafikia tu kiti cha 72! Kama tunapunguza upana ili mguu uende kando sentimita 20, tunapata 75 na kidogo. Tumepata zaidi ya sentimita 3 bila kushusha kiti hata kidogo. Wale wanaouliza hesabu zinasaidia nini, jibu ni hili.

Jambo lingine: si lazima nyayo mbili zilale chini zote. Ikiwa sehemu ya mbele ya miguu miwili inagusa vizuri, inatosha. Na ikiwa mguu wa kushoto peke yake unashika sawasawa, mtu aliyefundishwa anaweza kuendesha. Mguu wa kuume unabaki juu ya freni ya nyuma.

2. MAMBO YASIYOOMBA FRANKA

Anza na yale ambayo unaweza kurudisha kama yalivyokuwa. Hii ni muhimu sana kama pikipiki ni ya kazi na haiko yako. Hapo uombe ruhusa mbele ya kugusa buloni yoyote.

Viatu. Kiatu chenye soli nene na ngumu kinatoa sentimita 2 ao 3. Sandali haiko kiatu cha pikipiki, hata kwa mtu mrefu.

Gido. Mtu mfupi mara nyingi iko na mikono mifupi vilevile. Anajinyoosha mbele, na mgongo unaumia. Legeza buloni za gido, uizungushe kidogo kuelekea kwako, kisha ukaze. Halafu ujaribu: geuza gido mpaka mwisho kushoto na kuume. Haipaswi kugusa tanki, wala kuvuta kamba za freni na embreyaji. Fanya vilevile injini ikiwa inazunguka, pikipiki ikiwa imesimama bila vitesi. Kama injini inapandisha sauti wakati unageuza gido, kamba ya gaz inavutwa. Usiende barabarani hivyo.

Vishikio. Vizungushe mpaka vidole vikae sawa na mkono, bila kukunja kiganja. Embreyaji iwe na mchezo wa milimita 10 mpaka 15 hivi kwenye ncha ya kishikio, ao sawa na kitabu cha pikipiki kinavyosema. Mchezo ukizidi, vitesi zinaingia kwa nguvu. Ukikosekana, embreyaji inateleza na kuungua.

Pedali. Ile ya vitesi inatoka kwenye meno yake na kurudishwa jino moja juu ao chini. Ile ya freni iko na buloni ya kuishusha. Ukiishusha, pima tena mchezo wa freni, na uangalie kama taa nyekundu ya nyuma inawaka.

Amortisere za nyuma. Pikipiki nyingi ziko na amortisere mbili zenye vidato chini ya resori, mara nyingi vitano. Kidato cha juu ni kwa mzigo mzito. Kama mtu mwepesi anakalia pikipiki iliyokazwa kwa ajili ya magunia mawili ya mihogo, resori haishuki, na yeye anabaki juu kama ndege. Shusha mpaka kidato cha kwanza ao cha pili, pande zote mbili sawasawa. Pikipiki itashuka kidogo ukiikalia. Lakini ukibeba mtu ao mzigo, rudisha juu, kama siyo pine itagonga matopeni.

3. KITI

Hapa ndipo kuna faida kubwa kwa bei ndogo. Ndani ya kiti kuna musi, ile sponji. Tunaweza kuikata.

Kama kuna uwezo, tafuta kiti cha pili kilichozeeka, na kile cha kwanza ukitunze. Vua ngozi polepole, usiipasue. Chora kwa kalamu mahali pa kukata. Anza na pembe za mbele, pale mapaja yanapopita, sababu ya ile hesabu tuliyoifanya. Kisha juu, sentimita 1 kwanza. Kalia, pima, kata tena. Kisu cha mkate ao msumeno wa chuma unafaa. Usimwachie fundi akate yote mara moja, juu musi iliyokatwa hairudi.

Kwa kawaida unaweza kutoa sentimita 2 mpaka 4. Lakini acha musi ya kutosha. Kama unakaa juu ya bati la chini, kisha saa mbili za mashimo utashindwa kuketi darasani. Mbele ya kurudisha ngozi, funika musi na plastiki, kwa sababu musi inakunywa maji ya mvua. Fundi wa viatu anaweza kushona ngozi upya.

4. KUSHUSHA PIKIPIKI YENYEWE

Tukifika hapa, kazi ni ya fundi anayejua. Mimi naeleza tu ili usidanganywe.

Mbele, mabomba mawili ya furushi yanashikwa na vyuma viwili. Ukilegeza buloni, mabomba yanaweza kupandishwa milimita 10, na mbele inashuka vilevile. Pande mbili ziwe sawa kabisa. Kisha kandamiza mbele mpaka mwisho, uone kama garde-boue haigusi kitu. Ujue kwamba ukishusha mbele peke yake, pikipiki inageuka upesi zaidi na inaweza kuwa nyepesi mno ukiwa kwenye mwendo.

Nyuma, wanaweza kuweka amortisere fupi zaidi. Ukishusha nyuma peke yake, taa ya mbele inaangalia mbinguni na kupofusha wanaokuja. Kwa hiyo ni vizuri mbele na nyuma zishuke karibu sawa, na taa ipangwe upya.

Sasa angalia bei ya kushusha, ambayo hailipwi kwa franka. Kama chini ya injini kulikuwa sentimita 17, ukitoa 3 zimebaki 14. Lile jiwe la sentimita 15 ulilolipita jana, leo linagonga karteri. Karteri ikipasuka, mafuta yanamwagika na injini inakufa. Ndiyo maana kwa barabara zetu mimi napendelea kiti kuliko amortisere.

Kuna tena bekiye, ile mguu wa kuegeshea. Wengi wanaisahau! Pikipiki ikishuka, bekiye inakuwa ndefu mno. Inasimamisha pikipiki wima, na upepo kidogo ao mbuzi akiigusa, inaanguka upande mwingine. Inapaswa kukatwa na kusudiwa upya. Yamaha AG 100, ambayo misheni nyingi na miradi ya kilimo inaijua, iko na bekiye mbili, kushoto na kuume. Basi zote mbili zipimwe. Mwishoni, angalia sheni kama imelegea ao imekaza.

5. MAMBO YA KUKATAA

Usikubali mtu akate resori. Resori iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na inagonga mwisho upesi. Usikubali aichome moto ili ilale, juu chuma kinapoteza nguvu yake. Usikubali akate shasi ao mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na usiweke gurudumu dogo lisilo la pikipiki ile. Fundi akikuambia «hakuna shida, natengeneza kila siku», mwulize kama yeye mwenyewe ataipanda mlimani na mtoto nyuma.

6. NAMNA YA KUENDESHA

Pikipiki ikishatengenezwa, bado kuna akili. Mbele ya kusimama, chagua mahali. Wamotari wafupi wanajua: wanasimama pale ambapo udongo wa kushoto uko juu kidogo, hawasimami juu ya shimo. Shusha mguu mmoja, wa kushoto, wakati pikipiki imesimama kabisa. Kabla ya hapo usitafute chini kwa miguu.

Mtu wa nyuma apande ukiwa umeshika imara, na asipande mbele ya kumwambia. Mzigo uwe chini na katikati. Gunia lililo juu linavuta pikipiki kando, na mguu mfupi hauna nguvu ya kulizuia. Mlimani, ukitaka kusimama, tumia freni ya nyuma, na uangalie ni upande gani unashuka.

Na matopeni, usione haya kushuka na kusukuma. Hata wale wenye metre moja na themanini wanasukuma.

KWA KUMALIZA

Utaratibu ni huu: pima, badilisha yale yasiyoomba franka, kata kiti, na mwisho kabisa, kama bado inakosekana, ndipo mfikiri juu ya furushi na amortisere. Kwa wengi, kazi inaishia kwenye kiti.

Kwa wakubwa wetu wanaogawa pikipiki za kazi, naomba kwa heshima: mpime mguu wa mtu mbele ya kumpa ufunguo. Ni kazi ya dakika tano. Kuanguka kunaweza kumvunja mtu mguu, na kijiji kinabaki bila mwalimu ao bila chanjo.

Kwa dada zetu na kaka wafupi, siku mtu atakapowaambia kwamba pikipiki haiko yenu, msibishane naye. Mwombeni metre.

Jumamosi kisha kazi za mikono, wanaotaka kupima miguu waje mbele ya atelie. Mlete kitabu kigumu na viatu vya safari.

Mkubwa wa wanafunzi,
finalisti