Kijibwa Akitoka Mezani, Zamu Inakuwa Yetu

Usiku wa kwanza ndio mzito. Kijibwa amerudi kutoka kwa daktari wa mifugo akiwa ametolewa kizazi. Tumbo limenyolewa, chini ya kitovu pana mshono mfupi, macho yamelegea. Taa za Mtoni, hapa Unguja, zinapozimwa anaanza kulia kilio chembamba kisichokatika, na mwenye nyumba hajui kama ni maumivu, ni hofu, au ni dawa ya usingizi inayomtoka mwilini. Jirani anasema, "Mwache huyo, mnyama tu, kesho atanyamaza." Neno hilo ndilo ninalotaka kulipinga.

Mtoni ina historia ndefu ya kuishi na wanyama. Hapa ndipo Sultani Seyyid Said alipojenga kasri lake kando ya bahari, na hapa ndipo alipozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaueleza ua wa kasri uliokuwa na paa, tausi, heroe na mbuni wakizunguka watakavyo. Wanyama wa Mtoni ya leo ni wa kawaida zaidi: paka, kuku, mbuzi, na mbwa. Kuna mbwa wanaolinda nyumba na maghala ya njia ya Bububu, na kuna koko wasio na mwenyewe, wanaoishi kwa kile wanachookota jaani.

Mbwa jike huingia joto kwa mara ya kwanza akiwa na miezi sita hivi au zaidi kidogo, na baada ya hapo takriban mara mbili kwa mwaka. Mimba yake ni siku 63 tu. Kijibwa uliyemchukua kwa huruma mwezi wa Ramadhani anaweza kuwa mama kabla ya Ramadhani nyingine. Watoto wake wengi wataishia barabarani, na wengi wao hawataufikisha mwaka. Njia ya zamani ya kuwapunguza, hapa na kwingi duniani, ilikuwa risasi na sumu. Njia hiyo ina ubaya mwingine zaidi ya ukatili. Inaua pia mbwa waliokwisha kuchanjwa, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa ili kichaa cha mbwa kikatike. Shirika la WSPA, ambalo tangu 2014 linaitwa World Animal Protection, lilishirikiana na serikali ya Zanzibar katika njia ya pili, yaani chanjo na kufunga uzazi.

Unguja inaijua nguvu ya kuzuia uzazi kuliko visiwa vingi. Kati ya 1994 na 1997 ndege zilimwaga juu ya kisiwa hiki mamilioni ya mbung'o madume waliofugwa Tanga na kutiwa mionzi hadi wakawa hawawezi kuzalisha. Majike wa porini wakapandwa bila kupata kizazi, na mbung'o akatoweka Unguja, pamoja na nagana iliyokuwa ikiwamaliza ng'ombe. Hakuna bunduki iliyolia. Lakini mbung'o hakuhitaji kuuguzwa baadaye. Mbwa anahitaji, na hapo ndipo tunapolegea. Tunasifu upasuaji na tunasahau siku kumi zinazofuata.

Ni vyema mwenye mbwa ajue kinachofanyika pale mezani, maana asiyejua jeraha lilivyo hawezi kulihurumia ipasavyo. Daktari humlaza kijibwa kwa nusu kaputi, mara nyingi mchanganyiko wa dawa za sindano, ketamini ikiwa mojawapo. Hukata ngozi ya tumbo katikati, kwenye mstari mweupe ambapo misuli ya kulia na kushoto hukutana na damu ni chache. Kisha huzitafuta ovari. Kila ovari imeshikiliwa na kano fupi, ngumu, iliyojikita huko juu karibu na mbavu za mwisho, na ili ovari ifike kwenye jeraha kano hiyo lazima ivutwe au ikatwe. Huo ndio wakati mkali kuliko wote. Hata mbwa aliyelala fofofo, moyo wake huenda mbio kano ile inapovutwa. Mishipa ya damu hufungwa kwa uzi, ovari na mji wa mimba hutolewa, kisha tumbo hushonwa tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo mshono ule mdogo tunaouona nje ni mlango tu. Maumivu yako ndani, pande mbili, juu ya mgongo wa chini.

Zamani hata madaktari waliamini kwamba maumivu kidogo yanamfaa mnyama, eti yatamtuliza asikimbie akafumua nyuzi. Tusishangae sana. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga wa binadamu nao walipasuliwa katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa dhana kwamba hawahisi kama watu wazima. Dhana hiyo imekufa. Mwaka 2014 chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kilitoa mwongozo wa kutambua na kutibu maumivu ya mbwa na paka, na Chuo Kikuu cha Glasgow kilikwisha kutengeneza kipimo cha kuyahesabu kwa kumtazama mbwa anavyolia, anavyoshughulika na jeraha, anavyotembea, anavyopokea mguso, hali yake na mkao wake. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mashine. Ni macho na subira.

Basi tumtazame. Kulia kwa saa za mwanzo mara nyingi ni ulevi wa dawa. Anatapatapa, anaangalia pasipo kuona, humbembelezi akatulia. Huo hupungua wenyewe kadiri usiku unavyokwenda. Maumivu yana sura nyingine. Mbwa hukunja mgongo, hutetemeka ingawa hana baridi, hukataa kulala ubavu, hujificha pembeni, huhema mdomo wazi usiku wa upepo, na ukigusa karibu na jeraha hugeuza kichwa ghafla au hukaza tumbo likawa gumu. Kuna na wale wanaonyamaza kabisa. Kijibwa aliyekuwa mchangamfu kisha akakaa kimya ameukabili ukuta, huyo msimwite mvumilivu. Huyo anaumwa.

Na hapa pana hatari kubwa inayotoka kwenye nia njema. Mtu humwona kijibwa anateseka, akaenda duka la dawa akanunua vidonge anavyomeza yeye mgongo ukimuuma. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo kwa vidonda na kumuua figo, na kwa kijibwa wa kilo tano hata kidonge kimoja ni kingi. Panadol nayo si ya kujaribia, na kwa paka ni sumu kamili. Mbwa wana dawa zao, meloksikamu ikiwa mojawapo, na kipimo chake huhesabiwa kwa uzito wa mnyama. Daktari aliyemlaza ndiye wa kukupa, kwa siku tatu au zaidi, kabla hujatoka mlangoni kwake.

Usiku ule wa kwanza mlaze juu ya mkeka au khanga kuukuu, si juu ya sakafu tupu. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, na saruji ya Mtoni alfajiri ina baridi hata kwa mbwa mzima. Maji kidogo kidogo, chakula nusu ya kawaida akishasimama sawasawa. Asubuhi mfunue mdomo uangalie ufizi. Ukiwa wa pinki, shukuru. Ukiwa mweupe, na tumbo limejaa, huenda damu inavuja ndani, na hilo halingoji jioni.

Siku ya tatu hadi ya tano humdanganya kila mtu. Kijibwa amechangamka, anataka kukimbizana na watoto wanaorudi skuli, na mwenye nyumba anaona kazi imekwisha. Ndani bado nyama haijashikana. Mfungie uani au umtembeze kwa kamba, pole pole. Asiogeshwe, na watoto wasimchukue ufukweni, maana maji ya chumvi na mchanga si dawa ya mshono. Asilirambe jeraha. Kola ya plastiki ikikosekana, fulana ya mtoto iliyofungwa kiunoni inasaidia, mradi iwe safi na ibadilishwe. Na inzi! Katika joto na unyevu wetu, hasa masika, jeraha lililoachwa wazi likanuka huvuta inzi, na siku mbili baadaye mna funza. Liangalie asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo mkavu ni wa kawaida; usaha, harufu au uwekundu unaotanda si wa kawaida. Nyuzi za nje hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Najua wapo watakaouliza vipi Muislamu amuuguze mbwa. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo haiondoi huruma. Mbwa wa ulinzi na wa kuwindia anaruhusiwa, na wasasi wa vijiji vya Unguja wamefuga mbwa wa msituni vizazi na vizazi. Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe, imo katika Bukhari na Muslim. Vaa glavu, tenga chombo chake, mtengenezee kibanda kisichoingia umande. Mbwa anauguzwa vizuri kabisa bila kuingia sebuleni.

Faida ya upasuaji wenyewe sina shaka nayo. Jike aliyetolewa kizazi hatapata usaha wa mji wa mimba, maradhi yanayoua majike wazima wengi, wala hataandamwa na madume wanaoeneza uvimbe wa sehemu za siri. Lakini tukichagua kumkata kwa manufaa yetu na yake, deni la maumivu ni letu kulilipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamkabidhi kijibwa wako, muulize daktari mambo mawili: utampa dawa gani ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani, na nikupigie simu namba gani akizidiwa usiku? Akikujibu kwamba mbwa hahitaji dawa ya maumivu, mchukue kijibwa wako utafute daktari mwingine.