New York si Mbali, Lakini Maziko Hayangoji

Ukimwuliza mtu wa huku pwani New York iko umbali gani, aghalabu atakujibu, "Ulaya huko," na maneno yakaisha. Kwetu sisi kila kilichovuka bahari ni Ulaya. Lakini tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, hesabu imekuwa nyepesi: kilomita zipatazo 11,800, kiasi cha saa 15 kwenda na saa 14 kurudi.

Ile saa moja inayopungua, waliosafiri na majahazi wataielewa upesi. Kama kaskazi inavyomsukuma nahodha kutoka Arabuni kuja kwetu, ndivyo pepo za juu kabisa, zivumazo toka magharibi kwenda mashariki, zinavyoisukuma ndege inayorudi na kuikabili ile inayokwenda. Upepo ungali upepo, ijapokuwa chombo hakina tanga.

Mimi hesabu hiyo niliifanya Julai 2019, na sikuifanya kwa kupenda.

Mama alifariki Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu yuko New York, na huko ilikuwa bado ni Jumatano, saa nne za usiku. Nilipompigia simu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, iko ndege kesho adhuhuri. Ningojeeni."

Nikachukua kalamu. Adhuhuri ya kwao ni saa moja ya usiku kwetu. Ongeza saa 14: atatua Nairobi Ijumaa kiasi cha saa tatu asubuhi, na Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni saa moja tu. Angewahi. Tena tungemsalia mama baada ya sala ya Ijumaa, na msikiti umejaa.

Nikampelekea Ami karatasi yangu. Aliitazama, akanirudishia.

"Mwanangu, jeneza huharakishwa. Na ndege ikichelewa?"

"Isipochelewa je, Ami?"

"Maiti hangojeshwi kwa ajili ya isipochelewa. Atazikwa leo baada ya alasiri."

Sikuwa na la kumjibu. Sheria naijua kama aijuavyo yeye. Kazi ilikuwa ni kumpigia tena mdogo wangu, na simu ile, waama, ilinishinda uzito kuliko ya kwanza. Hakubishana. Alisema, "Haya, nakuja vivyo hivyo."

Ndege haikuchelewa. Ijumaa watu walikuwa wakitawadha kwenda msikitini alipoteremka kwenye gari, mkoba begani, macho mekundu. Tungengoja, angemkuta. Mimi nalijua hilo, na Ami pia analijua, wala hatujalizungumza hata leo.

Baada ya sala tulikwenda Kikowani. Mchanga ulikuwa haujakauka vizuri. Akasimama akamsalia mama pale pale kaburini, kwani aliyekosa jeneza ana ruhusa hiyo, nasi tukasimama nyuma yake.

Tulipokuwa tukitoka aliniuliza, "Mlimzika saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

Akatoa saa saba kwa vidole, polepole, kama mtoto wa chuoni.

"Nilikuwa ningali njiani kwenda uwanjani," akasema.