Harufu za Viwandani na Mkulima wa Karafuu



Mwaka 2010 wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye majengo yake Mlabani katika bonde la Kilombero, walitangaza habari ya ajabu. Walichanganya maji ya amonia, asidi kama zile za jasho na hewa ya kaboni, wakaviweka katika kibanda cha majaribio. Mbu waliingia humo mara 3 hadi 5 kuliko kibanda alimolala mtu. Ikiwa harufu ya kutengenezwa yashinda ya mwanadamu, sisi tunaouza harufu ya mti hatuna budi kuuliza yatupatayo.

Kwa nanaa jawabu lipo. Amonia ina jamaa zake ziitwazo amina (si ile ya mwisho wa dua). Kampuni ya Takasago ya Japani huchukua mirsini, mafuta yatokanayo na tapentaini ya msonobari. Mirsini ni haidrokaboni isiyoshiba, yaani kaboni zake zimeshikana mara mbili mahali fulani, na hapo pana nafasi ya kupokea kitu kingine. Lakini amina haiingii kwa hiari. Litiamu kidogo, metali laini, ndiyo mshenga. Ikisha kushika, metali ya pili, rodiamu, hukihamisha kile kiungo cha mara mbili na kuuelekeza umbo upande mmoja tu. Hapo ndipo penye ufundi, kwani mentoli ya upande wa pili ubaridi wake ni hafifu. Kisha maji yenye asidi huiondoa amina, hubaki sitronelali yenye harufu ya ndimu, na baada ya hatua mbili ni mentoli. Profesa Ryoji Noyori, aliyeshiriki ufundi huo wa rodiamu, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Kazi hiyo ya kiwandani ilianza 1983. Mwaka huo huo kiwanda cha nanaa cha Kitami, kisiwani Hokkaido, kilifungwa. Tusiilaumu kemia peke yake. Nanaa rahisi ya nchi za nje ilikwisha kukibana. Na Wahindi hata leo huilima kwa wingi.

Na sisi? Zamani vanila ya viwandani ilitokana na yujenoli ya mafuta ya karafuu. Miaka ya 1930 wenye viwanda wakaipata katika mabaki ya kutengeneza karatasi, baadaye katika petroli, na soko hilo likatuponyoka. Yujenoli nayo yaweza kutengenezwa, ila majani na makonyo yetu huitoa kwa gharama ndogo zaidi. Mpishi wa pilau na mvutaji wa kreteki kule Indonesia hutaka karafuu yenyewe. Hofu yangu iko kwenye mafuta. Kwa hiyo katika mkutano ujao Kamati itaanza na gharama ya kukamua makonyo, ndipo tuje kwenye bei ya karafuu kavu.

Katibu