Ukali wa Siki Katika Chakula cha Kuku

Mfugaji hufurahi kuona vifaranga wake wakinenepa upesi. Lakini yafaa ajiulize: unene huo umetoka wapi?

Karibu na mwaka 1950, wataalamu wawili wa Marekani, Stokstad na Jukes, walitambua ya kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa dawa ya aureomisini walikua upesi kuliko wenzao. Basi desturi ikaenea: antibiotiki, dawa iliyotafutwa kwa ajili ya wagonjwa, ikatiwa kidogo kidogo kila siku katika chakula cha kuku wazima.

Hatari yake ni nini? Dawa kidogo huua vijidudu dhaifu na kuviacha hai vile vigumu. Navyo huzaana, hata vikamfikia mtu kwa nyama isiyoiva au kwa mikono isiyonawa. Ndipo mtoto huugua, mama humpeleka hospitalini, naye hupewa dawa iliyoponya wengi, lakini homa haishuki. Fleming, mvumbuzi wa penisilini, alikwisha kuonya mwaka 1945 ya kuwa dawa chache mno huvizoesha vijidudu kuishinda.

Uswidi ilikataza desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaikomesha kabisa mwaka 2006. Wafugaji wakatafuta njia nyingine, na mojawapo ni asidi. Msomaji asiliogope jina hilo: ndio ukali tuujuao katika siki, ndimu na maziwa yaliyoganda. Kwa kuku hutumiwa sana asidi ya formiki, iliyomo katika sumu ya chungu wa aina fulani, na ya propioniki, ambayo huzuia pia chakula kuota ukungu.

Kazi yake ni hii: asidi hupenya ngozi ya kijidudu, na ikiisha kuingia humwaga ukali wake ndani. Kijidudu hutumia nguvu zake kuutoa nje, hata kikachoka, kisiweze kuzaa. Salmonela huumia hivyo. Lakini vijidudu vyema, jamaa ya vile vinavyogandisha maziwa, huuvumilia ukali huo.

Hata hivyo, asidi ina mipaka yake. Nyingi huisha mapema kabla ya kufika mbali matumboni, kwa hiyo viwanda huifunika kwa mafuta ili ifike chini. Asidi kali hula chuma na kuunguza ngozi ya mtu. Nayo ikizidi katika maji, kuku hukataa kunywa. Tena haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Huko Uswidi, baada ya mwaka 1986, nguruwe wachanga walioachishwa kunyonya waliharisha sana, mpaka wafugaji waliporekebisha mabanda, chakula na umri wa kuwaachisha.

Kwa hiyo mwenye kuku aanze na banda kavu, maji safi na nafasi ya kutosha. Kuku akiugua, amwulize mganga wa wanyama, wala asichanganye dawa ya watu katika pumba.