Mtoto wa Jicho Si Uzee wa Kuvumiliwa



Mama yangu ana desturi ya kusoma Suratu Yasin kila usiku wa kuamkia Ijumaa, msahafu ukiwa juu ya marufaa. Usiku mmoja nilimwona amefunua kurasa mbili kwa pamoja, naye akaendelea kusoma bila ya kuruka hata aya moja. Hapo nikatambua kwamba alikuwa akisoma kwa hifdhi. Herufi hazioni tena. Nilipomuuliza, alinijibu, "Ni uzee, mwanangu. Uzee hauna dawa."

Jibu hilo lina asili. Katika hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik (R.A.), Mtume (S.A.W.) alituhimiza kujitibu, akabainisha kwamba maradhi yote yana dawa isipokuwa ukongwe. Wazee wetu huishika sehemu hiyo ya mwisho. Lakini mtoto wa jicho si ukongwe. Ni maradhi yanayofuatana nao. Nyuma ya mboni mna lenzi angavu, na umri ukienda huingia ukungu. Rangi hufifia, mwanga wa taa hutawanyika, na mwishowe miwani haifai kitu.

Ukungu huo hauondolewi kwa asali wala kwa maji ya majani, na vitu hivyo huweza kulidhuru jicho. Dawa yake ni upasuaji: tabibu hulitia jicho ganzi, huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyengine ya kutengenezwa. Aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Wala jambo hili si geni kwetu. Yapata miaka 1,000 iliyopita, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili aliwatibu wenye maradhi haya huko Misri, akiunyonya ukungu kwa sindano yenye tundu.

Mama alikataa kwa miaka mitatu, nami nikamwacha kwa kudhani ni woga. Siku nilipokaa naye kitako ndipo aliponifunulia lililomo moyoni: alihofia kwamba akipasuliwa atakatazwa maji ya udhu na kusujudu. Niliona haya. Mas'ala hayo nimeyasomesha miaka mingi, na mama yangu mzazi sikupata kumuuliza.

Basi na tujue sote. Tabibu akikataza maji yasifike jichoni, mtu huosha viungo vilivyo salama, na katika madhehebu yetu ya Shafi hutayamamu kwa ajili ya sehemu isiyooshwa. Akikatazwa kuinama, huswali kwa kuashiria. Sala yake ni timamu.

Mama akaridhia. Jicho la kulia lilirejea, Alhamdulillahi. La kushoto halikurejea, kwani nyuma ya ukungu tabibu alikuta presha ya macho, nayo ilikwisha kuua mshipa upelekao nuru kwenye ubongo. Presha hii aghalabu haiumi wala haitoi ishara mapema. Dawa huweza kuhifadhi nuru iliyobaki, iliyopotea hairudi. Katika miaka ile mitatu hapana aliyelipima jicho lile.

Kwa hivyo, enyi akina mama na vijana wenye wazee nyumbani, msingoje mzee alalamike. Aliyefika miaka 40 apimwe macho, hasa ikiwa katika jamaa zake yuko mwenye presha ya macho. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata akiwa anaona vizuri. Na mtoto mchanga akionekana ana weupe ndani ya mboni, apelekwe hospitali upesi, kwani huenda ikawa ni uvimbe wa saratani. Mzee akikataa tiba, muulizeni kwa upole anahofia nini.

Mama sasa anasoma msahafu wake kwa jicho moja. Nami usiku huo huketi kushotoni kwake, upande asiouona.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.