Mpangaji naye ana haki ya "live"

"Mwalimu, mimi bado nimepanga. Si inabidi niseme 'I stay in Tabata'?"

Safari hii aliyeuliza ni fundi umeme anayejiandaa kwa usaili wa kazi Qatar. Kabla yake alikuwa muuguzi, na kabla ya muuguzi, dereva. Wote wamekariri kanuni moja: nyumba ya kupanga ni "stay", ukishajenga yako ndipo unaruhusiwa "live". Inasambaa kama dawa ya vidonda vya tumbo, kila mtu ana jirani aliyepona.

Ni uzushi mtupu. Kiingereza hakikagui hati ya nyumba. Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Conan Doyle, alikuwa mpangaji wa Bi Hudson pale 221B Baker Street, London, tena alitafuta mwenzake wa kugawana naye kodi, akampata Dk Watson. Muulize Mwingereza yeyote, atakwambia Holmes "lived" pale. Waziri Mkuu wao hamiliki hata tofali moja la nambari 10 Downing Street, na akishindwa uchaguzi huhamishwa haraka kuliko mpangaji mwenye deni la miezi sita. Lakini maadamu yumo, "he lives there". Na samaki je? "Fish live in water." Nionyesheni hatimiliki ya sato katika Ziwa Victoria.

Igeuzeni hiyo kanuni, bado inavunjika. Mtu ana nyumba Mikocheni, na ana nyingine Bagamoyo ya kupumzikia, zote zina hati kwa jina lake. Akienda Bagamoyo Ijumaa akarudi Jumapili, huko "he stayed", ingawa funguo ni zake, godoro ni lake na mlinzi anamlipa yeye. Tofauti haiko kwenye umiliki. Iko kwenye swali hili: hapo ndipo maskani yako, au umepita tu?

Kinachotuponza ni "kukaa", kitenzi tulichokibebesha mizigo ya punda watatu. Tunakaa kwenye kiti, tunakaa Tandika, tunakaa kimya, tunakaa miaka miwili bila kuonana. Kikao, makazi na makao makuu vyote vimetoka tumboni mwake. Mtu mwenye neno moja kubwa namna hiyo hudhani Kiingereza nacho kina moja, akashika "stay".

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili kina dawa yake, na tunaitumia kila siku. Mgeni akishuka basi la kutoka Mbeya, hatumuulizi anakaa wapi. Tunamuuliza, "Umefikia wapi?" Anakaa Tukuyu, amefikia kwa shemeji yake Mbagala. Huko kufikia ndiko "stay". Mtoto wa darasa la nne hachanganyi hayo mawili, ila mtu mzima mwenye diploma akiguswa na Kiingereza anaanza kuhesabu kodi.

Kuchanganya huku kuna gharama. Mwanafunzi wangu mmoja alifika uwanja wa ndege wa ugenini, afisa uhamiaji akamuuliza, "Where are you staying?" Akajibu, "Kigogo." Afisa akatazama skrini, akarudia swali. Dada wa watu, kwa nia njema kabisa, akafafanua: "Kigogo Luhanga." Karatasi ya hoteli aliyolipia ilikuwa mkobani muda wote huo.

Wajuaji wataniletea Waskoti, ambao husema "Where do you stay?" wakiulizia makazi. Ni kweli, na Afrika Kusini utalisikia pia. Hao nao hawaulizii kodi. Sisi kwa sisi, Nairobi au Dar, "I stay in Tabata" inaeleweka na sitamkatiza mtu. Kwenye usaili, viza na mtihani, acheni.

Basi, haraka haraka. Makazi yako, ya kupanga, ya kurithi au ya kampuni: "I live in Tabata." Umehamia kwa muda, mfano mkataba wa miezi minane Dodoma: "I'm living in Dodoma." Umefikia hotelini au kwa shangazi: "I'm staying at a hotel", "I'm staying with my aunt". Kubaki ni "stay" vilevile: "Stay here." Mji hutanguliwa na "in", nyumba yenye namba "at". "We have stayed long without meeting" ni Kiswahili kilichovaa suti. Semeni "We haven't met for a long time". Fomu ikiandika "reside", ni "live" iliyofunga tai.

Fundi wangu aliuliza tena, aseme nini kuhusu kiwanja chake cha Kibaha, maana ni chake na hati anayo. Kiwanja hakiishi popote wala hakijafikia kwa mtu: "My plot is in Kibaha."