Mtu wa Kutumwa: Meneja wa Magari ya Mbio Aliyeshika Hazina ya Nchi

Ukisikia habari za mashindano ya magari, bila shaka unamfikiria dereva. Yeye ndiye anayeonekana. Yeye ndiye anayepewa kikombe. Lakini gari la mashindano halijipeleki uwanjani. Yuko mtu wa kuliandikisha. Yuko mtu wa kupatana na dereva juu ya malipo yake, na kupatana na wenye matairi. Waamuzi wakikosea, yuko mtu wa kwenda kulalamika. Mtu huyo huitwa meneja wa timu.

Leo tumsome meneja mmoja. Jina lake ni Marco Piccinini. Alizaliwa Italia mwaka 1952. Alikuwa meneja wa timu ya Ferrari, timu yenye jina kubwa kuliko zote katika mashindano ya Formula 1. Alifanya pia kazi ya benki. Tena aliwahi kuwa balozi, na akaja kushika fedha za serikali ya nchi ya Monaco. Wengine watasema kazi hizo hazina undugu. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na Ferrari. Mwenye timu alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Enzo Ferrari, aliyezaliwa mwaka 1898. Kiwanda chake kipo katika mji mdogo wa Maranello, Italia. Mwaka 1969 aliuza nusu ya kampuni yake kwa kampuni kubwa ya Fiat, lakini mambo ya mashindano akayabakiza mikononi mwake. Sasa, mzee huyu alikuwa na desturi ya ajabu kidogo. Magari ni yake, timu ni yake, lakini kwa miaka mingi hakwenda kutazama mashindano. Alikaa nyumbani akingoja habari.

Basi mtu wa namna hiyo lazima awe na mjumbe. Mwaka 1978 alimchukua Piccinini, kijana ambaye hata miaka 30 hajafika. Kazi yake ilikuwa kama ya mshenga. Mshenga hatoi mahari yake wala haoi yeye. Anabeba maneno ya watu wengine, na akiyapotosha, ukoo mzima unagombana. Piccinini alisema kwa upole na kwa kujichunga, hata waandishi wa habari wa Italia wakampa jina la utani la Monsignore. Hilo ni jina la heshima wanaloitwa baadhi ya mapadre wakubwa wa Kikatoliki.

Wakati huo palikuwa na ugomvi mkubwa katika mashindano. Ulihusu mambo mawili: nani atunge sheria, na nani ashike fedha. Televisheni ilikuwa imeanza kuleta fedha nyingi. Upande mmoja kulikuwa na chama kilichosimamia mchezo, FISA, chini ya Mfaransa Jean-Marie Balestre. Upande wa pili kulikuwa na chama cha wenye timu, FOCA, ambamo Waingereza walikuwa wengi. Kiongozi wake aliitwa Bernie Ecclestone, na mwanasheria wake aliitwa Max Mosley. Lishike jina hilo la Mosley, tutalirudia.

Ferrari ilikuwa upande wa Balestre. Mwaka 1980 ugomvi ulifika mahali pabaya. Mashindano ya Hispania yalikimbiwa bila Ferrari, na mwishowe hayakuhesabiwa. Januari 1981 wakubwa wa pande zote walikutana kwa Mzee Ferrari, mjini Modena. Walibishana kwa saa 13 hivi. Mwezi Machi mkataba ulitiwa sahihi mjini Paris, ukaitwa Mkataba wa Concorde, kwa jina la uwanja wa mjini ambapo chama kilikuwa na ofisi zake. Maana yake, kwa maneno ya kwetu, ilikuwa hivi: Balestre abaki na sheria, na akina Ecclestone wapate nguvu katika mambo ya fedha. Katika mambo hayo, meneja wa timu hawezi kuwa mtu wa spana na grisi tu. Lazima ajue kusoma mkataba mstari kwa mstari, na ajue lini aongee na lini anyamaze.

Lakini ujumbe una hatari zake. Tulinganishe miaka miwili.

Mwaka 1979 Ferrari ilikuwa na madereva wawili hodari, Jody Scheckter wa Afrika Kusini na Gilles Villeneuve wa Kanada. Kule Monza, Italia, Scheckter alikuwa mbele, na akishinda siku hiyo atakuwa bingwa wa dunia. Villeneuve alikuwa nyuma yake kabisa. Hakumpita. Alimaliza nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Kila mmoja alijua mapatano, na Scheckter akawa bingwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa njoo mwaka 1982. Mwenzake Villeneuve alikuwa Mfaransa, Didier Pironi. Tarehe 25 Aprili walikuwa Imola, Italia. Timu nyingi za FOCA zilikuwa zimegoma, kwa hiyo yalitoka magari 14 tu. Magari ya Renault yalipoharibika, Ferrari mbili zikabaki mbele peke yake. Timu ikawaonyesha madereva ubao wenye neno moja: punguza mwendo. Villeneuve alikuwa mbele, akaelewa kwamba kila mtu abaki mahali pake. Pironi hakuelewa hivyo, au hakutaka kuelewa hivyo. Katika mzunguko wa mwisho alimpita mwenzake, akashinda.

Villeneuve alikasirika sana. Alisema hatasema tena na Pironi. Baadaye Mzee Ferrari alitoa tamko lililoonyesha kwamba huzuni ya Villeneuve anaielewa. Lakini ilikuwa imechelewa. Siku 13 tu baada ya Imola, tarehe 8 Mei, madereva walikuwa Zolder, Ubelgiji, wakitafuta nafasi za kuanzia. Pironi alikuwa amemzidi Villeneuve kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Villeneuve akarudi uwanjani. Gari lake liligonga gari lililokuwa mbele likienda polepole, likaruka juu. Yeye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Sisemi kwamba Piccinini ndiye aliyemuua. Ajali ni ajali, na madereva hao walikuwa watu wazima. Lakini neno moja juu ya ubao linatosha tu pale ambapo watu wamekwisha kukaa na kupatana neno hilo lina maana gani. Kama hawakupatana, kila mtu atalisoma anavyopenda. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Pironi naye alivunjika miguu kule Ujerumani, asirudi tena Formula 1. Hata hivyo Ferrari ilipata ubingwa wa watengenezaji wa magari mwaka 1982, na tena mwaka 1983.

Enzo Ferrari alifariki tarehe 14 Agosti 1988. Mwaka huo Piccinini naye aliacha umeneja. Miaka ilipopita akawa makamu wa rais wa FIA, chama kinachosimamia mashindano ya magari duniani. Na rais wake alikuwa nani? Max Mosley, yule yule mwanasheria wa upande wa pili! Watu waliogombana mezani bila kutukanana wanaweza baadaye kukaa ofisi moja.

Tuje Monaco. Ni nchi kando ya bahari, imezungukwa na Ufaransa. Eneo lake ni kama kilomita 2 za mraba. Unaweza kuivuka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Ina mtawala wake, Mwanamfalme Albert wa Pili, na tangu mwaka 1993 ina kiti Umoja wa Mataifa. Piccinini aliiwakilisha nchi hiyo kama balozi. Usimchanganye na balozi wa nyumba kumi. Balozi wa nchi hubeba maneno ya serikali yake mbele ya serikali nyingine. Unaona mshenga wetu amerudi?

Mwaka 2011 Piccinini alipewa kazi ya kusimamia fedha na uchumi wa Monaco. Cheo hicho ni sawa na Waziri wa Fedha. Kazi yenyewe ina ugumu wake. Tangu mwaka 1869 Monaco haiwatozi wakazi wake kodi ya mapato. Serikali hupata fedha nyingi kutokana na kodi inayolipwa watu wanaponunua vitu na huduma. Matajiri wa nchi nyingine wakahamia huko, na serikali za kwao zikalalamika kwamba wanakwepa kodi. Mpaka mwaka 2009 Monaco ilikuwa katika orodha ya nchi zinazoficha habari za kodi. Iliondolewa baada ya kukubali kutoa habari hizo. Kwa hiyo mwenye kushika hazina ya Monaco hahesabu fedha tu. Huketi na wageni wenye hasira na kuwajibu kwa adabu. Piccinini aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka 2012, akampisha Jean Castellini.